Ng'ombe wa Mahari Aingia Nikahini

SEHEMU YA NANE

Barua zenu zimenifikia. Ndugu mmoja wa Madogo anataka ng'ombe achinjwe upesi, watu wale, hadithi iishe. Mama mmoja wa Tarasaa ananisihi nisimruhusu Bishara kutia kidole katika daftari lile. Nawaombeni subira nyote wawili. Ng'ombe bado yu hai, na kidole cha Bishara bado ni kikavu.

Kwa msomaji aliyekosa gazeti la wiki jana, mambo yako hivi. Sala ya alasiri imekwisha, na nyumbani kwa Mzee Dado, hapa Garsen, wanaume wamejaa mkekani. Farah, bwana harusi, amevaa kanzu mpya inayomkaba shingo. Bishara, binti wa Mzee Dado, amekaa nyuma ya pazia la chumba cha ndani pamoja na mama yake, Abdia. Maalim Khalid, mfungisha ndoa, amelipitisha daftari la ndoa nyuma ya pazia ili bibi harusi atie dole gumba.

Maalim alisahau jambo moja. Bishara na mama yake wamehudhuria darasa la ngumbaru kwa miezi minane. Badala ya kutia kidole, Bishara alisoma.

Palikuwa pameandikwa: mahari, ng'ombe mmoja mwekundu, imepokelewa.

"Imepokelewa na nani?" aliuliza kutoka nyuma ya pazia. "Mimi sijapokea hata mkia."

Kabla hajajibiwa, ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kipajini aliingiza kichwa mlangoni. Kamba yake ilishikwa na mwanamke mgeni, leso kiunoni, matope hadi magotini. Naye alitamka maneno yaliyowanyima wengi wenu usingizi: "Ng'ombe huyu ni mahari yangu. Na mume wangu ni yule pale, anayejificha nyuma ya birika la kahawa."

Sasa tuendelee.

Birika la kahawa, wasomaji wangu, halimfichi mtu mzima. Watu wote waligeuka, wakaona birika, na nyuma ya birika wakamwona Mzee Dado, baba wa bibi harusi, akiwa ameinamisha kichwa kama anayetafuta sindano.

"Simjui mwanamke huyu," alisema Mzee Dado, akiuambia mkeka.

Ng'ombe alipiga hatua mbili ndani ya nyumba, akanyoosha shingo juu ya mabega ya wageni, akamlamba Mzee Dado upara. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

"Ng'ombe anakujua," alisema Maalim Khalid.

"Ng'ombe huwalamba watu wote!"

Ng'ombe aliwapita watu wote bila kumlamba hata mmoja, akaanza kula pilau katika sinia la wazee.

Mwanamke mgeni aliketi kizingitini bila kuombwa. "Jina langu ni Mwanaarusi," alisema. "Mimi ni mkulima, natoka juu huko, karibu na Hola. Mzee huyu alinioa wiki tatu zilizopita kwa mahari ya ng'ombe huyu. Alikaa siku nne, akaniaga kwamba anakwenda kwenye kamati ya chakula cha mafuriko. Hajarudi. Ng'ombe amekula mahindi yangu, amekula kunde zangu, na juzi amekula leso niliyoanika. Mimi sijui kuchunga. Nimekuja kumchukua mume wangu aje achunge mahari yake."

Sauti ya Abdia ilisikika kutoka nyuma ya pazia, polepole na kwa adabu kubwa, adabu ile ambayo mume yeyote mwenye akili huiogopa kuliko kelele.

"Baba Bishara."

"Naam, Mama Bishara."

"Siku zile nne uliniambia uko Hola unafuatilia kitambulisho."

"Ni kweli. Maofisi yana foleni, wewe mwenyewe wajua."

Pazia lilifunguka. Abdia alitoka akiwa amejitanda vizuri, akamtazama Mwanaarusi kuanzia utosini hadi kwenye matope. "Basi hiki ndicho kitambulisho chenyewe? Mbona kina mdomo?"

Wageni walicheka hadi mwingine akapaliwa na kahawa. Mke wa Maalim, Mama Safiya, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiwahudumia wageni, alimpiga mgongoni. Mama Safiya mnamjua: alikatwa na mundu akiwa msichana wa miaka kumi, na dole gumba lake la kulia lina kovu kubwa linalopita katikati kama mfereji. Halikunjiki. Kikombe hukishika kwa vidole vinne, lakini hajapata kumwaga hata tone.

Majirani wa kike waliokuwa uani walisogea mlangoni. Walijua kinachofuata. Mke mkubwa na mke mdogo wamekutana, tena mbele za watu. Mmoja alikwisha kuvua bangili zake ili apate kuamulia vizuri.

Abdia alimkaribia Mwanaarusi. Alisimama mbele yake. Aliinua mkono.

"Umetembea tangu wapi, mdogo wangu?" alimuuliza, huku akimshika bega. "Lori limekuacha wapi? Umekula?"

"Sijala, dada."

"Mleteeni pilau. Si ile ya ng'ombe."

Yule jirani alivaa tena bangili zake kwa masikitiko.

Mwanaarusi alipokuwa anakula, Abdia alimkagua ng'ombe. Alimtazama doa la kipajini, akalishika sikio lake la kushoto lenye mapengo mawili. Katika nchi yetu sikio la ng'ombe ni kama anwani: kila ukoo hukata alama yake, na hata mtoto anayetambaa huijua ya kwao.

"Hii ni alama ya kina Farah," alisema Abdia. "Huyu ndiye ng'ombe aliyeletwa hapa na baba yake Farah, Jumamosi ile ya mahari. Mimi nilimkamua jioni moja. Kesho yake Baba Bishara akasema amempeleka malishoni."

"Ni kweli, nilimpeleka malishoni," alisema Mzee Dado.

"Kwenye mahindi yangu," alisema Mwanaarusi, mdomo umejaa.

Sasa hata aliyekuwa amekaa mbali alielewa. Mzee Dado alipokea mahari ya binti yake kwa mkono wa kulia, akaitoa kwa mkono wa kushoto kumwolea mke wa pili.

"Maalim," alisema Farah, akiinua mkono kama mtoto wa shule, "mimi bado ni bwana harusi, au vipi?"

"Nyamaza, mwanangu."

Kutoka nyuma ya pazia sauti ya Bishara ilitoka, safi na yenye heshima. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, bibi harusi. Hongera kwa siku yako."

"Ahsante. Hongera na wewe kwa yako. Ila ng'ombe ni wangu."

"Hapana, mwanangu. Ni wangu."

"Ni wangu, mama mdogo, na samahani sana."

"Samahani yako nimeipokea. Ng'ombe simtoi."

Walibishana hivyo kwa muda, kwa upole mwingi na bila kurudi nyuma hata unyayo mmoja, hadi Maalim Khalid alipopiga makofi. Alijiweka sawa, akakohoa. Ng'ombe alikuwa amemaliza pilau na ameanza kutafuna upindo wa kanzu yake, lakini Maalim hakutambua, kwa kuwa elimu ilikuwa imempanda.

"Sikilizeni, enyi Waislamu! Mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe. Si ya baba, si ya kaka, si ya mjomba. Baba hupokea kama mchukuzi tu, na mchukuzi kazi yake ni kuufikisha mzigo. Sasa, mchukuzi aweza kuutoa zawadi mzigo wa mtu?"

"Hawezi!" waliitika wanawake mlangoni. Wanaume walikohoa.

"Kwa hiyo ng'ombe ni wa Bishara. Na Mwanaarusi anamdai mumewe mahari yake kamili."

Mwanaarusi aliweka chini tonge. "Sawa, Maalim. Sheria nimeikubali. Basi mume wangu anipe ng'ombe mwingine. Boma lake naliona pale, lina ng'ombe."

"Wako sita," alisema Mzee Dado haraka, akiona mwanga. "Mafuriko ya El Ninyo yaliwachukua wengine wote, lakini sita walibaki. Chagua!"

"Subiri," alisema Abdia.

Mzee Dado alifumba macho.

"Maalim, mimi niliolewa kwa ahadi ya ng'ombe wangapi?"

"Sita," alikumbuka Maalim.

"Nilipewa wangapi?"

Maalim alitazama dari. "Kama nakumbuka vizuri, Dado alisema atawatoa mvua ikinyesha."

"Miaka ishirini na miwili nimengoja mvua hiyo," alisema Abdia. "Je, Baba Bishara, mvua ya mwaka huu umeiona? Au tuliokaa juu ya paa siku tisa tukipikia ndani ya sufuria moja tulikuwa tunaota jua?"

Wanawake walipiga vigelegele. Niwaeleze ukweli, wasomaji: katika mambo yote niliyoyaandika tangu sehemu ya kwanza, hili ndilo lililonigusa. Mtu anaweza kukamua ng'ombe miaka ishirini na miwili huku wakipaswa kuwa wake, na bado wasiwe wake. Ndiyo maana Bishara hakutaka kutia kidole. Alimpenda Farah, na hilo halikuwa siri. Lakini hakutaka kuwa bibi wa miaka arubaini na tano anayengoja mvua.

"Sita ni wa Abdia," aliamua Maalim. "Dado, umebaki na nini?"

"Nimebaki na mbuzi mmoja."

"Yule mbuzi ni wangu," alisema mdogo wake wa mwisho kutoka kona. "Ulimwazima."

Mzee Dado, aliyeingia nikahini akiwa mfugaji, sasa hakuwa na hata kwato moja. Alijaribu kutabasamu. "Mwanaarusi, mke wangu mpenzi, mapenzi si mahari ya kutosha?"

"Hayatoshi," alisema Mwanaarusi. "Lakini nakuhurumia. Maalim, kazi yaweza kuwa mahari?"

"Yaweza, mkikubaliana."

"Basi anilimie ekari moja. Kwa jembe la mkono. Yeye mwenyewe, si kibarua."

Mkekani palisikika mguno wa wazee kumi kwa pamoja. Mzee Dado alitazama viganja vyake laini, ambavyo katika maisha yake vilikuwa vimeshika fimbo, kikombe na redio ya jirani tu. "Jembe? Mimi? Nikamatie wapi?"

"Upande wa mti," alisema Mwanaarusi. "Ule wa chuma unaingia ardhini."

"Kubali, Dado," alisema Maalim.

Alikubali kwa sauti ya mgonjwa.

Hivyo kamba ikafunguliwa kutoka kiganja cha Mwanaarusi, ikapitishwa mkono kwa mkono hadi kwenye pazia. Mkono wenye hina ulitoka pale penye mwanya wa pazia, vidole vikakunjuka, na kamba ikawekwa katikati ya kiganja. Vidole vikafumba. Ng'ombe alitembea mwenyewe hadi kwenye pazia, akasimama, akavuta pumzi.

"Nimempokea," alisema Bishara. "Sasa, Maalim, niulize swali lako."

Farah alijipangusa jasho kwa kilemba chake kizima.

"Bishara binti Dado," alianza Maalim kwa furaha, "je, umeridhia kuolewa na Farah bin Kotile, kwa mahari ya ng'ombe mmoja mwekundu uliyempokea kwa mkono wako mwenyewe?"

"Nime—"

Sinia lilianguka mlangoni kwa kishindo. Kaimati zilitawanyika kila upande.

Alikuwa Mama Asli, mama yake Farah, ambaye ndio kwanza anafika na akina mama wa upande wa bwana harusi. Hakuzitazama kaimati. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama ng'ombe, na machozi yakaanza kumtiririka.

"Dima!" aliita. "Dima wangu! Wewe si umeliwa na mamba?"

Ng'ombe aligeuza kichwa, akalia kwa sauti nene, akamwendea, akamlamba mikono yote miwili. Kamba ilimvuta Bishara. Bishara naye alilivuta pazia. Pazia lilianguka juu ya Farah, na kwa muda bwana harusi ndiye aliyekuwa amejifunika kuliko watu wote nikahini. Bibi harusi alionekana amekaa juu ya sanduku, kamba mkononi, daftari la ndoa mapajani, na mtandio wake umekaa sawasawa, kwa sababu msichana huyu hakupenda kubahatisha.

"Mama mkwe, unamjua ng'ombe huyu?" aliuliza.

"Nitaachaje kumjua! Huyu ndiye mahari yangu! Mama yake nilipewa mimi nilipoolewa, na huyu nilimzalisha kwa mikono hii. Mwezi jana nilikwenda kumtazama dada yangu. Niliporudi, mume wangu aliniambia mamba amemvuta mtoni. Nililia siku tatu! Majirani walinijia na sukari ya kunipa pole! Mzee Kotile mwenyewe alilia!"

Macho yote yalimtafuta Mzee Kotile, baba wa bwana harusi, aliyekuwa ameketi karibu na Mzee Dado. Sasa nyuma ya birika la kahawa palikuwa na wazee wawili.

"Nililia kweli," alisema Mzee Kotile kwa unyonge. "Yule ng'ombe nilimpenda."

"Ulisema uliona pembe zikizama!"

"Nilikuwa mbali kidogo."

"Baba," sauti ya Farah ilitoka chini ya pazia, "ulinioza kwa ng'ombe wa mama? Maalim, mimi bado ni bwana harusi?"

Maalim Khalid aligundua wakati huo kwamba kanzu yake ilikuwa imeliwa hadi magotini.

Bishara alisimama. Aliitazama kamba aliyoipigania tangu alasiri, kamba ambayo kwa dakika mbili nzima ilikuwa yake. Kisha alimwendea Mama Asli, akaiweka mkononi mwake, akamfunga vidole kimoja kimoja.

"Chukua, mama mkwe. Siwezi kudai haki yangu huku nimeketi juu ya yako."

Mama Asli alimkumbatia, akalia upya. "Mwanangu, wewe nakutaka. Wallahi nakutaka. Lakini Dima simtoi."

"Usimtoe. Ila, Maalim, ona." Bishara aliinua daftari. "Humu mmeandika imepokelewa. Mkono wangu huu hapa, mtupu kama ulivyokuwa asubuhi. Niambie, nitie kidole juu ya uongo?"

"La," alisema Maalim. "Pengine tuahirishe. Jua linashuka, watu wamechoka..."

Wanaume waliliunga mkono wazo hilo kwa haraka isiyo ya kawaida. Mkeka mzima ulisimama. Mmoja alikumbuka ng'ombe wake, mwingine alikumbuka dawa, wa tatu alikumbuka kwamba hakualikwa. Walifika mlangoni, wakainama, wakasimama tena.

Viatu havikuwapo.

Viatu vyote vya wanaume wa Garsen vilikuwa ndani ya kapu moja kubwa la mnazi, na juu ya kapu ameketi Mwanaarusi, ameshiba, anachokonoa meno. Kandokando yake walisimama wanawake wa darasa la ngumbaru.

"Kaeni, baba zetu," alisema Abdia. "Kahawa bado ipo."

Mmoja wa wanawake alipaza sauti: "Bishara, mwanangu! Hilo daftari, ukurasa wangu umo?"

"Na wangu!"

"Nitafutie wa mwaka ule wa ukame!"

Bishara alifungua daftari. Lilikuwa kuukuu, Maalim alipewa na marehemu mjomba wake mwaka aliooa yeye mwenyewe, na tangu zama hizo halijapata kufunguliwa mbele ya mwanamke anayejua kusoma. Zee moja lenye ndevu nyekundu lilianza kusoma dua lisiyoijua.

"Hapana, tusianze katikati," alisema Bishara. "Mwalimu wetu hutuambia tuanze ukurasa wa kwanza." Alikunjua karatasi iliyogeuka rangi ya chai. "Bwana harusi: Khalid. Bibi harusi: Mwanasiti."

"Ndiye mimi," alisema Mama Safiya kwa mshangao, na kwa mara ya kwanza siku ile alimwaga kahawa.

"Mahari: mitamba miwili na kitanda cha mvule. Imepokelewa."

"Mitamba?" alisema Mama Safiya. "Miwili?"

"Ndivyo palivyoandikwa, mama. Na hapa chini kuna dole gumba la bibi harusi, la kuthibitisha."

Mama Safiya alilitua birika. Alipita katikati ya wanaume, nao wakampisha. Hakuwa amesoma hata siku moja, lakini ile haikuwa herufi. Aliinamia alama ile ya wino. Ilikuwa kubwa, ya mviringo, laini kote. Kisha alisimamisha dole gumba lake la kulia kando ya ukurasa, lile lenye kovu linalopita katikati kama mfereji tangu utotoni, ili kila mtu alione.

"Maalim," aliita taratibu. "Hiki ni kidole cha nani?"

Wote waliokuwapo walimwona Maalim Khalid akiuvuta mkono wake wa kulia, polepole sana, na kuuficha ndani ya kile kilichobaki cha kanzu yake.